Vyoo vya kuhamishika katika bustani na viwanja vya Goma: maswali tunayoulizwa kila mara

Sisi ni wakaaji wachache wa kartie (mtaa) moja ya Goma. Tulianza kuweka vyoo vya kuhamishika kwenye kiwanja chetu siku za mechi, za mahubiri ya nje na za sikukuu, kisha jirani wakaomba, na jirani wa jirani. Kila tunapoenda tunaulizwa yale yale, mengine kwa upole, mengine kwa hasira, kwa hiyo tumeyaandika hapa. Bustani za umma mjini kwetu ni chache. Tunaposema "kiwanja" tuna maana ya mahali popote pa wazi ambapo watu hujaa kwa saa chache halafu wanatawanyika: uwanja wa mpira, kando ya ziwa, ronpwe (mzunguko wa barabara) lenye kivuli, ua wa kanisa.

Choo cha kuhamishika ni kitu gani hasa?

Ni kabini ya plastiki ngumu, upana wake mita moja na kidogo kila upande, kimo chake mita mbili na robo hivi. Ina mlango wenye komeo kwa ndani, kiti, na chini ya kiti tangi linalopokea kila kitu. Haina shimo wala haiunganishwi na bomba la maji machafu. Bomba jembamba hutoka tangini hadi juu ya paa ili hewa mbaya ipande na kwenda zake. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 80 hadi 100, kwa hiyo wanaume wanne wanaipandisha kwenye kamioneti (gari dogo la mizigo) bila kelele nyingi.

Tuna pia aina ya pili, ya seremala: kibanda cha mbao na mabati, ndani yake vyombo viwili, mkojo upande wake na haja kubwa upande wake. Katika ukurasa huu "kabini" ni ile ya plastiki na "kibanda" ni hiki cha mbao.

Kwa nini msichimbe choo cha kawaida, kikae hapo miaka yote?

Anayeuliza hivi mara nyingi ni mgeni, au amejengewa nyumba na baba yake. Aliyewahi kuchimba Goma haulizi.

Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka, ikapasua mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Watu walirudi wakajenga juu yake ikiwa bado na joto. Chini ya lava hiyo kuna nyingine ya zamani, na chini yake nyingine. Utaweka vijana wawili wenye mtalimbo na nyundo, utawalisha siku nyingi, na shimo litakuwa limefika magotini.

Tuseme umefaulu. Jiwe hili lina nyufa. Uchafu ukiingia shimoni hautulii ukachujwa polepole na udongo kama kule Masisi au Rutshuru, kwa sababu udongo wenyewe ni haba. Unapita kwenye nyufa kuelekea chini, na kwetu chini ni ziwani. Ziwa Kivu ndilo tunalovuta maji yake kwa pampu, na ndilo ambalo watoto wanachota kwa bidoni (madumu) za manjano za lita 20 pale Kituku. Choo cha shimo kilichochimbwa ovyo ni njia ndefu kidogo tu ya kujisaidia ziwani.

Hatusemi vyoo vya kudumu havifai. Sokoni, shuleni, hospitalini, mahali ambapo watu wapo kila siku, jengeni choo cha kudumu chenye fosi (tangi la chini ya ardhi) isiyovuja, inayonyonywa ikijaa. Kabini ni ya mahali panapojaa Jumapili na kubaki patupu Jumanne.

Watu mia tano wanahitaji kabini ngapi?

Wakodishaji wengi duniani wana kanuni hii: kabini 1 kwa wafanyakazi 10 kwa wiki ya saa 40, ikisafishwa mara moja kwa wiki. Zidisha, utapata saa 400 za mtu kwa kabini moja. Watu 500 wakikaa saa 4 ni saa 2,000. Gawanya kwa 400, unapata kabini 5.

Hesabu hiyo ni ya tangi. Ya mstari wa kungoja ni nyingine, na hapo ndipo waandaaji wengi huanguka. Mtu mmoja anakaa ndani kama dakika tatu, kwa hiyo kabini moja inapokea watu 20 kwa saa. Mapumziko ya mechi ni dakika 15: watu 5 kwa kila kabini, basi. Kabini tano, watu 25. Wengine 475 wako wapi? Wako nyuma ya ukuta wa jirani yako, na jirani atakuja kukuona wewe, hatawatafuta wao.

Dawa ya mapumziko ni kuwaondoa wanaume wa haja ndogo kwenye kabini. Weka pembeni sehemu yao iliyozungushiwa turubai: mfereji wa plastiki ulioinama kidogo, mkojo ukishukia ndani ya bidoni kubwa. Watano wanasimama kwa wakati mmoja, wanamaliza kabla refa hajapiga filimbi. Kabini zote zinabaki kwa akina mama na kwa wenye haja kubwa.

Na akina mama wanahitaji nyingi zaidi ya wanaume. Mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, unaoitwa Sphere, unasema vyoo 3 vya wanawake kwa 1 cha wanaume. Mara ya kwanza tulipoweka kabini, siku ya kwaya kadhaa kukutana, tuligawa mbili kwa mbili, tukajiona watu wa haki. Kufikia saa sita mchana mstari wa mama ulizunguka kiwanja, na upande wa wanaume milango ilikuwa inapigapiga kwa upepo. Mama mmoja mzee alimsukuma mlinzi wetu kwa kiwiko, akaingia upande wa wanaume bila kumwangalia mtu usoni. Tangu siku hiyo hatugawi tena sawa kwa sawa.

Tangi linajaa baada ya watu wangapi?

Hesabu 200. Tangi la kawaida linabeba lita 250 hivi. Kwa hesabu tu lingepokea wengi zaidi, lakini watu wanajitawadha kwa maji, wanatupa chupa, na mtu fulani lazima ataangusha simu. (Hatuingii kuitafuta. Tumeshaombwa, tumeshapewa ahadi za pesa, hatuingii.) Likifika robo tatu, funga mlango kwa kufuli hata kama kuna mstari. Tangi lililojaa lina uzito unaopita robo ya tani, na mtu akilitikisa linamwagika miguuni mwake.

Mavi yanakwenda wapi?

Hili ndilo swali la kweli, na tunamheshimu anayeliuliza bila kuzunguka. Kabini inanunuliwa kwa siku moja. Kuitapisha ni kazi ya miaka yote. Mtu akikuonyesha kabini nzuri za kung'aa na hawezi kukueleza zinatapishwa wapi, anakuuzia shida iliyopakwa rangi.

Kwa kabini tunaita gari la kunyonya choo. Linashusha mpira tangini, linavuta, tunasuuza kwa maji kidogo, linavuta tena. Kabla ya kumlipa dereva tunamuuliza anamwaga wapi, na mara za kwanza tulimfuata kwa pikipiki. Siku moja tulimfuata mmoja hadi kwenye mfereji wa mvua, kando ya nyumba za watu, usiku. Tulimwacha. Mwingine ni ghali zaidi na ndiye tunayemtumia. Ongeza bei yake kwenye hesabu yako tangu mwanzo, usiitafute baadaye kwenye kikapu cha sadaka.

Kwa kibanda kazi ni tofauti. Kila anayemaliza anamwaga kikombe cha majivu au unga wa mbao juu ya haja yake. Majivu hukausha, hukata harufu na kuwakosesha inzi raha. Chombo kikijaa kinafungwa kwa kifuniko kinachobana, kinawekwa kingine kisafi mahali pake, na kilichojaa kinasafirishwa. Chombo cha lita 40 kinabebwa na watu wawili. Chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, inapakia kadhaa bila kulalamika, mradi vimefungwa kwa kamba na chukuduiste ameelezwa waziwazi amebeba nini. Tuliwahi kumficha mmoja. Aligundua kwenye mteremko, na hilo halikuwa jambo la heshima kwa upande wetu.

Njia hii ya kubadilishana vyombo hatukuibuni. Nairobi, mtaa wa Mukuru, vyoo vya Fresh Life vinafanya kazi hivyo. Haiti shirika la SOIL linakusanya vyombo majumbani na kuvigeuza mbolea kwa joto la lundo lenyewe.

Mbolea hiyo inahitaji subira. Kwetu, mita karibu 1,460 juu ya bahari, hakuna joto la pwani, kwa hiyo haja kubwa yenye majivu ikae mwaka mmoja na nusu hadi miwili mahali pakavu, penye sakafu na paa, kabla ya kuguswa na jembe. Hata hapo iwekwe chini ya migomba au miti, si kwenye lengalenga (mchicha). Mkojo una haraka zaidi: ukikaa miezi ndani ya bidoni iliyofungwa na kuchanganywa na maji mara tatu hadi kumi, unakuza mahindi vizuri. Mama wa shamba walitucheka msimu wa kwanza. Msimu wa pili walileta bidoni zao wenyewe.

Ile dawa ya bluu ya ndani ya tangi ni nini? Tukikosa, tuweke javeli (dawa ya klorini ya kufulia)?

Ni rangi, manukato, na kemikali inayozuia bakteria kutoa harufu. Zamani nyingi zilikuwa na fomalini, lakini nchi nyingi ziliiacha kwa sababu inaua pia bakteria wazuri wanaosafisha maji machafu. Lita 20 za maji yenye dawa hiyo zinatosha kuanza. Bluu ikigeuka kijani, tangi linakuambia limechoka.

Javeli ndani ya tangi, hapana. Ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na kifua, na ndani ya kabini iliyofungwa hakuna pa kukimbilia. Javeli ni ya sakafu, kiti na komeo, baada ya kuosha kwa maji na sabuni.

Je, hazinuki?

Iliyotunzwa, kidogo. Iliyoachwa siku nne chini ya jua la Julai, ndiyo, na hata sisi tunapita mbali. Kifuniko cha kiti kifungwe ili hewa ipande kwa bomba badala ya kurudi ndani. Wanaotumia hawajui hilo, kwa hiyo tunabandika mchoro mlangoni. Kuandika peke yake hakusaidii, watu hawasomi wakiwa wamebanwa.

Tuziweke sehemu gani ya kiwanja?

Kila mtu anataka ziwe mbali, nyuma, zisionekane. Tunaelewa aibu hiyo, lakini choo kilichofichwa ni choo ambacho binti hataingia saa moja jioni, na ana haki. Weka mahali panapoonekana kutoka njiani, mlango ukiangalia upande wenye watu, na taa ikiwapo. Umeme ukiwa wa bahati nasibu, taa ya sola inatosha.

Angalau mita 30 kutoka kisima, bomba au mahali pa kuchota. Kando ya ziwa usitegemee mita peke yake: angalia mteremko, jiulize tangi likipasuka maji yatakimbilia wapi. Gari la kunyonya nalo lazima lifike. Mpira wake hauna urefu wa ajabu, na kabini tuliyowahi kuipandisha kwenye jiwe zuri lenye kivuli ilitulazimu tuishushe ikiwa imejaa. Hatutaki kuikumbuka.

Upepo wa kabla ya mvua unaangusha kabini tupu. Ifunge kwa kamba, weka mawe miguuni. Mawe, angalau, Goma hatuyanunui.

Maji ya kunawa yanatoka wapi?

Bidoni yenye robine (koki) juu ya stuli, sabuni iliyofungwa kwa kamba, ndoo ya kupokea maji chini. Ebola ilipofika Goma Julai 2019 kila mlango wa duka ulikuwa na kitu hicho, na mji mzima ulijifunza. Vingi vimeishia kuwekewa mafuta ya mawese, lakini mafundi wa kuviunganisha bado wapo.

Na kipindupindu kikianza?

Usifunge vyoo, watu hawaachi kuhara kwa sababu umefunga. Ongeza msafishaji, awe na glovu na buti. Kama chupa ya javeli imeandikwa 5%, mililita 200 ukiongeza maji hadi lita 20 unapata maji ya kunawa mikono (0.05%), na lita 2 ukiongeza maji hadi lita 20 ni ya kusafisha sakafu na kiti (0.5%). Tengeneza mapya kila asubuhi, weka kivulini, andika juu ya kila bidoni ipi ni ipi. Ile kali si ya mikono.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1994 wakimbizi walikuja kwa mamia ya maelfu, kambi zikajaa juu ya mawe haya haya yasiyochimbika, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache.

Ni bure au tunalipa?

Tumebishana juu ya hili kuliko mengine yote, na bado hatuna kauli moja. Upande mmoja unasema: bila pesa hakuna sabuni, hakuna karatasi, hakuna mshahara wa mama anayesafisha, na choo cha bure mjini kwetu kinadumu siku tatu. Upande mwingine unasema: mwenye franka 200 tayari ana pa kwenda, ananunua soda mgahawani na kuomba ufunguo, choo cha kiwanjani kipo kwa ajili ya asiye nazo.

Paris vyoo vya barabarani vilikuwa vya kulipia, vikafanywa bure mwaka 2006, mji ukabeba gharama. Mji wetu hauna mfuko huo. Tunachofanya sasa ni kumtoza mwandaaji: anayekodisha kiwanja kwa mechi, tamasha au mahubiri analipia kabini kama anavyolipia vikuza sauti, na mlangoni hakuna anayeombwa kitu. Siku ambazo hakuna mwandaaji, tunatoza wakubwa na kuwaacha watoto, wajawazito na wazee. Chenji ndiyo inatuua. Mtu anakuja na noti ya dola tano kwa ajili ya haja ndogo.

Mama anayesafisha analipwaje?

Kwa siku, jioni ile ile, kabla ya mtu mwingine yeyote. Pamoja na sabuni yake ya kwenda kuogea nyumbani.

Mtu mwenye ulemavu ataingiaje?

Kwa kabini ya kawaida, haingii, na tusidanganyane. Walemavu wanaofanya biashara mpakani kwa baiskeli zao za magurudumu matatu ndio waliotuonyesha: walikuja, wakaangalia kile kizingiti, wakageuza. Seremala akatutengenezea kibanda kipana, mlango wa sentimita 90, vyuma vya kushika pande mbili, na njia ya mbao inayopanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Sakafu yake inasafishwa mara mbili zaidi, kwa sababu wapo wanaoingia kwa mikono.

Na pedi?

Ndoo yenye kifuniko ndani ya kila choo cha wanawake, na mfuko mweusi ndani yake. Kamwe si tangini: zinaziba mpira wa gari na dereva anaongeza bei.

Si ingetosha kuandika ukutani "Ni marufuku kukojoa hapa" na kutoza faini?

Nenda ukanuse ukuta huo.

Tuombe ruhusa kwa nani?

Anza na sefu (kiongozi) wa avenyu, yaani barabara yenu, kisha sefu wa kartie, ndipo komini (wilaya ya mji), ya Goma au ya Karisimbi kulingana na mahali kiwanja kilipo. Kwa barabara kubwa na maronpwe utaulizwa karatasi ya meri (ofisi ya meya). Lakini kabla ya wote hao, pita kwa majirani wanne walio karibu, ukae, unywe chai. Kabini yetu moja ilichomwa paa na mtu ambaye karatasi zetu zote zilikuwa sahihi isipokuwa kwake.

Tunaweza kutengeneza kibanda wenyewe?

Ndiyo, na ni rahisi kuliko kungoja mfadhili. Sakafu inyanyuliwe nusu mita ili chombo kiingie na kutoka kwa mlango mdogo wa nyuma. Sahani ya kuchuchumaa iwe na matundu mawili, la mbele la mkojo linaloelekea kwenye bidoni, la nyuma la haja kubwa. Pembeni ndoo ya majivu. Wenye kuuza makala (makaa) na samaki wa kukaangwa watakupa bure. Kosa la wengi ni paa fupi: mtu mrefu akisimama anagonga kichwa, anakosea tundu, na mkojo ukiingia kwenye majivu kazi yote imeharibika.

Mnakodisha kwa arusi?

Tunakodisha. Tuambieni wiki mbili kabla, na mtuambie idadi ya kweli ya wageni, si ile ya kwenye kadi. Kabini inaletwa Ijumaa na kuchukuliwa Jumatatu, kwa sababu gari la kunyonya halitembei Jumapili. Usiku wa Jumapili piga kufuli, la sivyo asubuhi tutakuta imetumiwa na kartie nzima, na hesabu itarudi kwenu.